Kijapani: « sijui » iko mbili, na kukosea kunaweza kuumiza mutu

Mutu anayeanza kujifunza Kijapani anapata mapema neno la kusema « sijui »: shirimasen. Kisha analitumia kila fasi. Hapo ndipo shida inaanza. Kijapani kina vitendo viwili, shiru na wakaru, maana yao karibu moja, lakini kila kimoja kina kazi yake.

Shiru: habari inatoka inje

Shiru ni kupata habari ambayo haukukuwa nayo. Jina la mutu, bei ya kitu, namba ya simu: ukiijua unasema shitte imasu. Kama hauijui, unasema shirimasen. Angalia vizuri: kwa kukubali ni shitte imasu, lakini kwa kukataa kawaida si shitte imasen. Wanafunzi wengi wanaanguka hapo.

Wakaru: jambo linakuwa wazi

Wakaru ni ndugu ya wakeru, ni kusema kugawa. Ni kama vitu vilivyochanganyika vinatengana, sasa unaona kila kimoja. Nihongo ga wakarimasu: ninaelewa Kijapani. Hata kineno kidogo kinachotangulia kinabadilika: shiru inaenda na o, wakaru inaenda na ga.

Fasi ya hatari

Mwalimu anauliza: « Kesho utakuja? » Mwenye kufikiri kwa Kiswahili ao kwa Kifaransa anajibu shirimasen, sababu kwake ni « sijui », « je ne sais pas ». Lakini sikio la Mjapani linasikia: « Hiyo hainihusu. » Mwalimu anaona mwanafunzi hana heshima, na mwanafunzi hajui kosa lake liko wapi.

Sababu ni hii: safari yako mwenyewe si habari ya kutafuta kwa mutu mwingine. Ni wewe wa kuamua. Jibu linalofaa ni wakarimasen, maana yake jambo halijakuwa wazi bado. Kazini vilevile, mkubwa akitoa agizo, unajibu wakarimashita: nimeelewa, nitafanya.

Omou na kangaeru

Hawa pia wanachanganya watu. Omou ni wazo linalokuja lenyewe, maoni ao hisia: Samui to omoimasu, naona kuna baridi. Kangaeru ni kufikiri kwa kutumia kichwa, kupima jambo mbele ya kuamua. Mutu hawezi « kangaeru » kwamba kuna baridi. Hiyo anaisikia tu.

Wafanyabiashara nao wajichunge. Mjapani akikujibu kangaete okimasu, kwa neno ni « nitafikiri juu yake ». Lakini mara mingi ni njia ya adabu ya kukataa. Mwenye kungojea jibu hapo anaweza kungojea sana.

Namna ya kuchagua

Mbele ya kujibu « sijui », jiulize: kuna mutu angeweza kunipa habari hii, lakini haijanifikia? Hiyo ni shirimasen. Ao jambo ni langu mwenyewe, ao nimesikia lakini sijaelewa? Hiyo ni wakarimasen. Na kama bado una mashaka mbele ya mutu mukubwa, chagua wakarimasen. Ni laini zaidi, na ni vigumu mutu akasirike juu yake.