Mgeni Asiye na Mwenyeji: Ibn Battuta na Fiqhi ya Kumpokea Msafiri



Siku ya Alkhamisi, tarehe 2 Rajab mwaka 725 Hijria (14 Juni 1325), kijana wa miaka 22 kwa hesabu ya Hijria alitoka mji wa Tangier, Morocco, akielekea Hija. Hakuwa na rafiki wala msafara wa kufuatana nao. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuachana nao kulimuuma. Kijana huyo ni Muhammad bin Abdullah, maarufu kwa jina la Ibn Battuta. Wengi wetu twamjua kuwa ndiye aliyefika Mombasa na Kilwa akazisifu. Hapa tumtazame kama mgeni anayeingia mji asikojulikana.

Huenda msomaji akauliza: je, hakukatazwa kusafiri peke yake? Mtume (s.a.w.) alitahadharisha juu ya kusafiri usiku bila mwenzi, kwa hadithi ya Ibn Umar (r.a.) iliyomo katika Sahihi Bukhari. Lakini imethibiti pia kuwa siku ya Khandaq Zubayr bin Awwam (r.a.) alikwenda peke yake kuleta habari za adui. Wanavyuoni wakaziunganisha hadithi hizo: karaha ipo penye hofu na pasipo haja.

Njiani Ibn Battuta alikutana na wenzi, miongoni mwao Sheikh az-Zubaydi wa Tunis. Walipofika Bejaia akashikwa na homa kali. Sheikh alimshauri abaki hapo mpaka apone, naye akakataa. Akasema kama ni kufa, basi afie njiani akielekea Hijazi. Az-Zubaydi hakumlaumu. Alimwambia auze mnyama wake na mizigo mizito, yeye atamwazima mnyama na hema. Huko Constantine mvua iliwanyeshea usiku kucha. Mtawala wa mji alipoziona nguo za kijana zimechafuka aliamuru zifuliwe, na badala ya ile iliyochakaa akampelekea nguo nyingine iliyofungwa dinari mbili za dhahabu katika ncha yake. Anasema hiyo ndiyo sadaka ya kwanza aliyoipata safarini.

Kisha Tunis. Watu wa mji walitoka kuwalaki jamaa zao, kila mmoja akisalimiwa na kuulizwa hali. Yeye hakusalimiwa na yeyote, kwa sababu hakuna aliyemjua. Akalia mpaka machozi yakamzidi. Mmoja wa mahujaji akaona, akamsogelea, akamtolea salamu na kuzungumza naye mpaka wakaingia mjini. Tunajua madrasa aliyofikia usiku ule, yaani Madrasa ya al-Kutubiyyin. Jina la yule aliyemsalimu hatukuachiwa. Ibn Battuta aliwataja wafalme, makadhi na mawaziri kwa majina na nasaba zao, na miaka 30 baadaye, alipokuwa akisimulia safari zake huko Fez kabla ya kitabu kukamilika mwaka 1355, bado alikuwa akiikumbuka salamu ile.

Alipofika pwani yetu, mwaka 1331 kwa hesabu iliyozoeleka, alikuwa tayari ni faqihi anayejulikana. Mogadishu alikuta desturi ya ajabu: jahazi likitia nanga, vijana huliendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja humshika mfanyabiashara wake akasema huyu ni mgeni wangu. Mgeni hulala kwa mwenyeji huyo, naye ndiye humuuzia na kumnunulia. Ukweli usemwe, hapo ukarimu na biashara vilikaa pamoja, wala si aibu. Walipoambiwa kuwa huyu si mfanyabiashara, walimpeleka kwa kadhi, kisha akapewa nyumba ya wanafunzi. Kwa siku tatu aliletewa wali wa samli na mchuzi wa kuku, nyama na samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi na maembe. Siku ya nne, Ijumaa, akaletewa nguo. Siku hizo tatu ndizo zilizotajwa katika hadithi ya Abu Shurayh (r.a.): zawadi ya mgeni ni mchana na usiku, ugeni ni siku tatu, na baada yake ni sadaka, wala si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake dhiki.

Kilwa alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake. Fakiri wa Yemen alimsimamisha baada ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa, naye akampa. Kisha mwanawe akazikomboa kwa watumwa 10, na sultani akaongeza watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe. Masimulizi haya husomwa kama sifa tupu. Lakini Ibn Battuta huyo huyo anaeleza kuwa sultani alikuwa akifanya mashambulizi bara. Wale 20 waliotolewa zawadi walikuwa na makwao, na hakuna aliyewauliza hali zao. Alipokufa, nduguye Dawud aliwaambia waombaji kuwa mtoaji amekufa na hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa miezi wakapata kidogo, mpaka wakaacha kuja.

Tuje kwenye hukumu. Imam Ahmad na al-Layth wamesema kumpokea mgeni kwa mchana mmoja na usiku wake ni wajibu. Maimamu watatu wengine wameona ni sunna iliyotiliwa mkazo. Kwa Imam Malik imepokewa kuwa jambo hili liko juu ya watu wa vijijini, kwani mjini kuna soko na nyumba za wageni. Imam Shafi, ambaye wengi wetu twafuata madhehebu yake, hakutofautisha mji na kijiji.

Chukua msafiri anayeshushwa Mkula usiku, chini ya milima ya Udzungwa, gari likiwa limeharibika kabla ya Ifakara. Bonde la Kilombero limepokea wageni wengi, wa miwa, wa mpunga na wa reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Kwa kauli ya Malik, mtu wa Mkula ana mzigo mkubwa kuliko wa Ifakara. Kwa kauli ya Shafi wako sawa. Na kama fedha zake zimeibwa, huyo ni ibn sabil, ana fungu katika zaka kwa nassi ya Sura at-Tawba aya ya 60, hata kama kwao ni tajiri. Atapewa cha kumfikisha aendako. Kulala msikitini anaruhusiwa: Ibn Umar (r.a.) alilala humo alipokuwa kijana asiye na mke, na watu wa Suffa waliishi humo. Misikiti mingi siku hizi hufungwa baada ya Isha kwa kuogopa wezi, na hofu hiyo ina msingi. Basi kamati ya msikiti iamue mapema nani anakaa na ufunguo, na mgeni ataelekezwa nyumba ipi.