Shada la maua la matawi: namna ya kulitengeneza nyumbani

Msiba haupigi hodi. Familia iliyo Nkoma, wilayani Itilima, ikitaka shada la kuweka juu ya kaburi, huenda ikalazimika kumtuma mtu mjini, na nauli huongezeka kwenye gharama ambazo tayari ni nyingi. Mashada mengi ya dukani ni maua ya plastiki yaliyofungwa kwa waya.

Shada zuri linaweza kutengenezwa nyumbani bila kununua kitu. Tunaeleza hatua zake, pamoja na tahadhari. Kaburi likiwa karibu na boma, ng'ombe na mbuzi hupita hapo, na kilichomo kwenye shada kinaweza kuishia tumboni mwao.

Matawi yakatwe wapi?

Anza na eneo lako: mipaka ya shamba, vichaka vya nyuma ya nyumba, mwembe wa uani. Ukihitaji kuingia kwenye ngitili, omba ruhusa kwa mwenyewe, au kwa uongozi wa kijiji ikiwa ni ya jumuiya. Miti ile haikurudi yenyewe. Nkoma ilipokuwa bado Bariadi, mkoani Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulishirikiana na wanavijiji kufufua ngitili katika mkoa huo. Kata matawi ya pembeni tu, kwa kisu kikali, na uache shina.

Mimea ya kuepuka

Minyaa: mingi imepandwa kuwa uzio, na ni rahisi kuichukua kwa kuwa ni ya kijani mwaka mzima. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia machoni unaweza kudhuru uwezo wa kuona. Ukikurukia jichoni, usilisugue. Lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda zahanati haraka.

Lantana na oleanda: maua yake yanapendeza, lakini yote mawili ni sumu kwa mifugo. Majani ya oleanda hubaki na sumu hata yakikauka.

Mabua ya pamba: hutakiwa kung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno ili wadudu wasipate pa kujificha hadi msimu ujao. Usiyahifadhi kama pambo.

Hatua za kutengeneza

1. Tafuta fimbo tatu nyembamba zinazopinda bila kuvunjika, kama za mkole, zenye urefu wa mita 1.5 hivi. Ondoa majani na miiba.

2. Pinda fimbo ya kwanza iwe duara lenye upana wa sentimita 40, ncha zake zipishane. Zungushia ya pili na ya tatu juu yake, kama unavyosuka ukili, kisha funga sehemu nne.

3. Fungia kwa kamba ya katani kutoka kwenye mkonge, au uzi wa pamba. Usitumie waya. Ng'ombe akimeza kipande cha waya, kinaweza kutoboa tumbo na kufika hadi kwenye moyo.

4. Tengeneza vifungu vidogo vya majani magumu, ya mwembe au mpera, kila kimoja kiwe na urefu wa kiganja. Funga kifungu cha kwanza kwenye duara. Cha pili kifunike vikonyo vya cha kwanza. Endelea hivyo, kwa mwelekeo mmoja, mpaka duara lijae.

5. Maua yachomekwe mwisho. Bogenvilia inafaa kwa sababu hukauka bila kupoteza rangi upesi. Vaa kitu cha kukinga mikono, maana ina miiba.

Kama mazishi ni kesho, nyunyizia shada maji, lifunike kwa kitambaa kibichi, uliweke kivulini.

Kabla ya kuweka kaburini

Waulize wafiwa kwanza. Desturi za mashada hutofautiana kati ya dini na dini, na hata kati ya familia na familia.

Shada likikauka, liondoe. Kwa kuwa halina waya wala plastiki, unaweza kulitupa kwenye shimo la mboji, likaoze liwe mbolea ya bustani.