Mbuga ya Dirishani

Basi la Kyela likishaipita Morogoro, kuna mahali ambapo abiria wote huamka. Simu zinatolewa mifukoni, watoto wanahamishiwa upande wa dirisha, na aliyelala tangu Chalinze anaguswa bega: tumeingia Mikumi. Kwa takriban kilomita 50 barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza katikati ya hifadhi ya taifa. Swala huonekana kwanza, wakiwa makundi makundi. Kisha twiga, pundamilia, nyati kwa mbali, na siku ya bahati tembo wanavuka lami huku malori yamepanga foleni kuwasubiri. Geti hakuna, wala askari wa kudai risiti. Kipo kibao tu pembeni, kinachomtajia dereva faini ya kila mnyama atakayemgonga, kwa dola.

Kwa watu wengi wa Matwebe, Tukuyu na wilaya ya Rungwe kwa jumla, mkoani Mbeya, hiyo ndiyo mbuga waliyoiona maishani. Hawakuwahi kulipa kiingilio, wala kupanda gari la watalii lenye paa la kufunguka. Waliona tembo kwa sababu walikuwa wanakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, au wanarudi nyumbani kuzika, kuoa, kula Krismasi. Tiketi yao ya mbuga ilikuwa tiketi ya basi. Na kama kuna bei ambayo watu hawa wamejifunza kuiwahi kabla haijapanda, ni hiyo.

Historia ya barabara yenyewe inaeleza kwa nini mbuga hii haina mlango upande huo. Barabara ya Morogoro hadi Iringa ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati Mikumi bado si hifadhi. Magari yalipoanza kupita, wawindaji nao walifika kwa urahisi, na hapo ndipo serikali ya kikoloni ilipoanza kufikiria kuwalinda wanyama wa tambarare ile. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964. Barabara ilikuwa imetangulia, kwa hiyo mbuga ilichorwa ikiwa na barabara tumboni.

Mwaka uliofuata, Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta haina njia salama ya kupitishia mafuta. Malori ya mafuta yakaelekezwa Dar es Salaam. Yalipita kwenye vumbi la kiangazi na matope ya masika, yakipinduka kila kona, kiasi kwamba madereva waliibatiza safari hiyo jina la jehanamu. Lami ya kufika mpaka wa Zambia ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kuanzia hapo, kijana wa Rungwe ambaye babu yake alikwenda kwa miguu kuchimba dhahabu ya Lupa, na baba yake akaenda migodi ya shaba ya Zambia, aliweza kupanda basi na kufika pwani.

Reli ilifuata nyuma kidogo. Ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970, na njia yote ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Nayo haikukwepa wanyama: inapita ndani ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Aliyepandia Mbeya akiwa daraja la tatu aliangalia twiga walewale ambao mgeni wa kambi ya Selous aliwalipia mamia ya dola.

Pori hilo lina uhusiano na Tukuyu ambao wachache wanaufahamu. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, alitoa kanuni za uwindaji zilizodai kibali cha kulipia na kutenga mapori mawili ya kwanza yaliyohifadhiwa, mojawapo upande wa Rufiji. Hapo ndipo Selous ilipoanzia. Miaka mitatu kabla ya hapo, meli iliyobeba jina la Wissmann huyohuyo ilikuwa imeshushwa majini Ziwa Nyasa, na kituo cha Langenburg kikaanzishwa ufukweni. Baadaye Wajerumani waliondoka ziwani wakapanda milimani, wakaita makao mapya Neu-Langenburg. Leo ni Tukuyu. Kibali cha mwaka 1896 ni miongoni mwa tiketi za kwanza za pori katika nchi hii, na tangu siku hiyo mwindaji aliyerithi mkuki kwa baba yake, asiye na karatasi, akaitwa jangili. Jambo hilo halijapewa uzito unaostahili katika historia zetu za hifadhi.

Kiingilio cha kuangalia tu, bila kuwinda, kilikuja na hifadhi za taifa. Serengeti ilitangulia mwaka 1951, na sheria ya mwaka 1959 ikaunda shirika ambalo leo ni TANAPA. Bei ikagawanyika kwa uraia: mgeni kwa dola, mwenyeji kwa shilingi. Katika miaka ya 2000 Mtanzania mtu mzima alikuwa akiingia kwa shilingi 1,500. Leo Mikumi au Kitulo anaingia kwa 5,900 pamoja na kodi, wakati mgeni analipa dola 35.40 mahali hapohapo. Kwa haki, bei hiyo ya mwenyeji si kubwa. Ni nauli ya bodaboda za siku mbili tatu. Kinachowaweka watu nje ni gari. Mbuga kama Mikumi kwa kawaida haitembelewi kwa miguu, na kukodi gari la siku moja kunaweza kumaliza fedha za mfuko mzima wa mbolea au zaidi.

Kwa hiyo kila bei ya mlangoni ilipopanda, kelele hazikusikika Rungwe. Zilisikika Arusha. Januari 2006 kiingilio cha mgeni Serengeti kiliruka kutoka dola 30 hadi 50, na Kilimanjaro kutoka 30 hadi 60 kwa siku. Mwaka 2016 mambo yalikuja kwa kasi zaidi. Juni 8, Waziri wa Fedha Philip Mpango alisoma bajeti bungeni Dodoma, na ndani yake huduma za utalii zikaingizwa kwenye kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kuanza: Julai mosi. Siku 23 tu. Kampuni za safari zilikuwa zimeshauza safari za Julai, Agosti na Septemba, nyingine miezi mingi kabla, kwa bei isiyo na kodi hiyo. Chama chao, TATO, kilipiga kelele, lakini mwaka mpya wa fedha haukusubiri. Machungu yaliongezeka kwa kuwa mwaka huohuo Kenya ilikuwa inaondoa kodi kama hiyo kwenye viingilio vya hifadhi zake. Julai 2021 Serengeti ikapanda tena, kutoka 60 hadi 70 kabla ya kodi.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wasinunue mapema, wakaweka akiba? Hapo ndipo tiketi ya mbuga inapotofautiana na tiketi nyingine. Mlangoni kinachohesabiwa ni siku unayoingia. Narok, kaunti ya Kenya inayosimamia Maasai Mara, walilionyesha hilo waziwazi mwaka 2024: hifadhi hiyo ilitoza mgeni dola 100 kuanzia Januari hadi Juni, na 200 kuanzia Julai, wakati nyumbu wanavuka mto. Aliyetaka kuiwahi bei ilimpasa kuwahi safari yenyewe, aende wakati nyumbu bado wako Serengeti.

Wamarekani walikuwa na bahati tofauti kwenye viwanja vyao vya burudani. Disneyland ilipofunguliwa California Julai 1955, kiingilio kilikuwa dola moja, na kila bembea ililipiwa peke yake. Baadaye vikaja vitabu vya tiketi zenye herufi, A hadi E, ambavyo vilitumika hadi mwaka 1982. Kwa miaka mingi siku ambazo hazijatumika kwenye tiketi za Disney World ya Florida hazikuwa na mwisho wa muda. Familia zilinunua kabla bei haijapanda, zikafungia tiketi kabatini kama watu wanavyofungia hati ya kiwanja, na kuzitoa watoto walipokua. Kuanzia mwaka 2005 tiketi za kawaida ziliwekewa ukomo, na asiyetaka ukomo alilipia zaidi. Mwaka 2015 hata nafasi hiyo ikaondolewa.

Tiketi ya basi la Desemba iko karibu zaidi na ile ya kabatini kuliko ile ya mlangoni. Ukishaikata, bei imeganda. Ndiyo maana kuiwahi ikawa desturi.

Ni desturi yenye mbinu zake. Wakati wa Ubungo, kabla stendi ya mabasi ya mikoani haijahamia Mbezi mwaka 2021, mtu wa Rungwe anayeishi Dar alianza kusaka siti mwezi Novemba. Aliyekuwa na ndugu anayekaa Manzese au Kimara alimtuma asubuhi kwenye ofisi ya basi kabla wapiga debe hawajachangamka. Mpaka fedha za simu zilipoingia mwaka 2008, pesa ya tiketi ilisafiri mkononi, na imani ilikuwa ndiyo risiti. Aliyechelewa alikutana na mlanguzi: kijana mwenye tiketi tano mfukoni, zote zimeandikwa majina ya kubuni, akiziuza kwa bei ya anayetazama kalenda. Safari ya Kilimanjaro ndiyo iliyosifika zaidi kwa adha hiyo, lakini njia ya Nyanda za Juu Kusini nayo ilikuwa na vilio vyake.

Serikali huweka nauli kikomo, na hiyo haibadiliki mara kwa mara. SUMATRA, mamlaka ya usafiri ya wakati huo, iliipandisha mwaka 2013, na kupanda kwingine kukangoja miaka tisa. LATRA, iliyochukua nafasi yake, ikaipandisha Mei 2022 bei ya mafuta ilipopaa duniani, na tena Desemba 2023. Ujanja uko katikati. Miezi ya kawaida mabasi hushindana na kutoza chini ya kikomo. Desemba ikifika, nauli hupanda mpaka kwenye kikomo bila kuvunja sheria yoyote, na wasio waaminifu huendelea kupanda. Kila mwaka LATRA hutoa onyo na vibali vya muda kwa magari ya ziada. Tiketi mtandao, inayobeba jina la abiria na bei yake, imewabana walanguzi kwa kiasi kikubwa, na hilo ni jambo jema linalostahili kusifiwa. Haijaondoa, hata hivyo, sababu ya kuwahi: siti ni zilezile, na wote wanataka kufika kabla ya tarehe 24.

Badiliko jingine limegusa mbuga ya dirishani yenyewe. Kwa miaka mingi mabasi yalikatazwa kusafiri usiku. Yaliondoka Dar alfajiri, yakafika Mikumi jua limepanda, wanyama wakiwa bado malishoni. Oktoba 2023 safari za saa 24 ziliruhusiwa. Mzazi mwenye haraka sasa hukata la jioni, analala, anaamkia Uyole. Amepata siku nzima ya likizo. Watoto wake wamepita kilomita 50 za tembo na twiga wakiwa gizani, mapazia yamefungwa. Wanyama nao hawakuambiwa kuhusu ratiba mpya. Barabara ile imewaua wengi usiku, na kila gari linaloongezeka baada ya magharibi linawaongezea hatari.

Huku nyumbani, jambo la kusikitisha ni kwamba mbuga ya jirani kabisa haiko kwenye safari hiyo. Ukitoka Tukuyu kuelekea Mbeya, Isyonje kuna barabara inayopanda kwenda Kikondo na Makete. Huko juu, mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, ndiko uliko uwanda wa Kitulo, uliopewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Una aina zipatazo 350 za mimea ya maua, zikiwemo okidi 45. Kabla ya hifadhi, viazi vya okidi vilichimbwa kwa mamilioni na kuvushwa Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Misitu ya karibu na mlima Rungwe ndiyo iliyowapa wanasayansi kipunji, waliyemtangaza mwaka 2005, nyani ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua siku zote. Maua yanachanua mvua zikiwa zimekolea, kuanzia Desemba hadi Aprili. Yaani wakati uleule ambao nusu ya Rungwe inayoishi Dar imerudi likizo, na kiingilio chake ni shilingi 5,900.

Lakini wanaoshuka Tukuyu siku hizo hawana muda wa Isyonje. Basi linaingia stendi mvua ikinyesha, mizigo inashushwa: magunia, majiko ya gesi, kitunguu kilichonunuliwa Ruaha Mbuyuni kikiwa bado kwenye neti nyekundu. Bodaboda wa kwenda Matwebe wanaita. Mama mmoja anamkabidhi mtoto mkubwa mabegi, anamwambia asisogee hapo, kisha anavuka matope kuelekea dirisha la ofisi ya basi ambalo bado lina taa. Shule zinafunguliwa Januari, na nauli ya kurudi itapanda wiki ijayo.

Anaomba siti nne. La asubuhi, upande wa dirisha.