Uso Wazi na Uso wa Kinyago

Katika bustani ya Tivoli mjini Copenhagen, ambayo Georg Carstensen aliifungua mwaka 1843, imesimamishwa sanamu ya Niels Henrik Volkersen, mtu ambaye kwa takriban nusu karne, tangu bustani ilipofunguliwa hata akakaribia kufariki dunia mwaka 1893, kazi yake ilikuwa kuupaka uso wake rangi nyeupe, kuvaa libasi pana nyeupe, na kuwachekesha watoto wa Denmark kwa jina la Pierrot. Mhusika huyo hakuwa milki ya Volkersen, wala ya Carstensen, wala ya mtu awaye yote. Asili yake ni vichekesho vya jukwaani vya Italia, akakulia Ufaransa, kisha akafikishwa Denmark na makundi ya wasanii wasafiri, na kila aliyemcheza alimtia kitu cha nafsi yake. Jukwaa lililojengwa kwa ajili ya michezo hiyo mwaka 1874, ambalo pazia lake hufunguka mfano wa mkia wa tausi, lingali likitumika, na ada haijabadilika: wachezaji hawatamki neno mpaka mchezo uishe, ndipo Pierrot ajitokeze kuzungumza na watoto wanaomwita kwa kelele. Rangi ya uso nayo ni kinyago, ila ni kinyago kisichoficha jasho wala kope wala cheko la mdomo. Na waliotaka kuuenzi mchezo huo waliona ni wajibu kumtaja aliyeucheza kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Nimetanguliza habari za Volkersen kwa kuwa yapo madai yanayosemwa kwa wepesi mno, kwamba watoto kwa tabia yao humpenda kikaragosi mwenye kichwa kikubwa kuliko msanii aliye wazi, na kwamba bustani za burudani za zama hizi zimejaa panya, bata na mbwa wasemao kwa mikono kwa sababu watoto wenyewe ndio walioamua hivyo. Mimi siyaafiki. Atazamaye jinsi bustani hizo zilivyokua ataona kwamba kikaragosi alimshinda msanii barazani pa wahasibu na mawakili muda mrefu kabla ya kumshinda machoni pa watoto, na fauka ya hayo, kwamba kila alipoonekana kushinda alikuwa amembeba msanii ndani yake.

Wala nisidhaniwe kuwa nauona uso wazi kuwa daima ni alama ya heshima. Dreamland, iliyofunguliwa Coney Island karibu na New York mwaka 1904, ilikuwa na mji mdogo uitwao Lilliputia, ambamo watu wafupi wa maumbile wapatao 300 waliishi katika nyumba zilizojengwa kwa kimo chao, wakiwa na kikosi chao cha zimamoto, ili wenye kulipa kiingilio wawatazame wakila, wakitembea na wakizima moto usiokuwapo. Hapo hapakuwa na kinyago chochote, wala hapakuwa na staha. Bustani hiyo iliteketea kwa moto wa kweli mwaka 1911.

Kinyago cha kikaragosi, kwa upande wake, kilianza maisha kama tangazo la biashara. Filamu ya Snow White ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika jumba la Carthay Circle, Los Angeles, Desemba 1937, watu waliovaa vichwa vya panya Mickey na wenzake walisimama nje kuwalaki wageni, na baada ya usiku ule hapakuwa na aliyefikiri kwamba ile ni sanaa ya kudumu. Miaka 18 baadaye, Walt Disney, mwenye filamu hiyo, ambaye mwaka 1951 alikuwa amekwisha kuitembelea Tivoli akaridhishwa na usafi wake na taa zake, aliifungua Disneyland huko Anaheim, tarehe 17 Julai 1955. Na katika bustani ile iliyogharimu mamilioni ya dola, mavazi ya vikaragosi wake mwenyewe yalikuwa ya kuazima, yametoka kwa Ice Capades, kundi lililofanya maonyesho ya kuteleza juu ya barafu. Yalikuwa yameshonwa ili yatazamwe kwa mbali chini ya taa za uwanja, na mtoto aliyeyakaribia mchana wa jua la California alikutana na nyuso ngumu zenye wavu mdomoni, ambamo aliyekuwa ndani alichungulia njia. Picha za siku ile zingalipo, na sidhani kwamba mtu mzima anaweza kuzitazama bila kuwahurumia watoto waliopelekwa kukumbatia sura zile.

Siku zile tegemeo la Disney lilikuwa wasanii. Alileta bendi, akaleta waimbaji, na mwezi wa Novemba 1955 akaleta sarakasi kamili, yenye hema na wanyama na watu wa kuning’inia angani, ikapewa jina la Mickey Mouse Club Circus. Ilifungwa Januari iliyofuata. Sababu yake ni nyepesi na inafaa kuzingatiwa: wageni walikuwa wamesafiri kuja kuiona Disneyland, na sarakasi waliweza kuiona po pote pengine, basi walipita mbele ya hema wakaenda zao kwenye mashua na garimoshi. Hapo mwenye bustani alijifunza somo ambalo Bill Justice, mchoraji wake wa miaka mingi, alikuja kulisimulia, kwamba mashine za kutia hofu, bendi na matreni vyaweza kununuliwa na kila mwenye fedha, bali vikaragosi wake hakuna mwingine awezaye kuwa nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Justice akapewa kazi ya kuyachora upya mavazi yale, ili kichwa kilingane na mwili na macho yaelekee kwa mtoto. Ndipo kikaragosi alipoacha kuwa tangazo akawa mtumishi wa kila siku.

Lakini nani aliingia ndani? Mwaka 1961 aliajiriwa Paul Castle, mtu mfupi wa kimo aliyekuwa mchezaji wa juu ya barafu, akawa Mickey kwa zaidi ya miaka 20. Mchezaji wa barafu amezoea kusema kwa bega, kwa kiuno na kwa kisigino, kwa kuwa uso wake hauonekani kutoka viti vya nyuma, na ujuzi huo ndio uliokitia uhai kichwa kile kisichoweza kukonyeza wala kutabasamu zaidi ya tabasamu lililochongwa. Katika mwaka huo huo alipatikana mtu wa kuigiza Tinker Bell, kizimwi wa filamu za Disney, na kuruka angani kila usiku kabla ya fataki, kutoka kilele cha Matterhorn, mlima wa kuigwa wenye kimo cha futi 147. Aliyepewa kazi hiyo ni Tiny Kline, bibi mwenye asili ya Hungaria aliyekuwa na umri wa miaka takriban 70, ambaye katika ujana wake wa sarakasi alikuwa akining’inia kwa meno yake juu ya kamba, na mwaka 1932 alivuka hivyo juu ya Times Square. Maelfu ya watoto waliokuwa chini waliona kizimwi mdogo mwenye mbawa. Sarakasi iliyofukuzwa mlangoni mwaka 1956 ilikuwa imerudi kwa njia ya angani, pasipo jina lake.

Mtu wa kumlinganisha na hao ni Wally Boag. Mchekeshaji huyu, aliyefundwa katika majukwaa ya vichekesho na nyimbo, aliajiriwa kwa majuma mawili katika ukumbi wa Golden Horseshoe, ambao mchezo wake ulionyeshwa faraghani tarehe 13 Julai 1955, siku nne kabla ya bustani kufunguliwa, kwa ajili ya miaka 30 ya ndoa ya Disney na mkewe Lillian. Na majuma yale mawili yakawa miaka 27. Boag alisokota maputo yakawa wanyama, akapiga zumari ya mfuko, akapigwa ngumi akatema maharagwe mengi kana kwamba ni meno yake, mara kadhaa kwa siku, pamoja na mwimbaji Betty Taylor aliyejiunga naye mwaka 1956. Mchezo huo ulipofungwa mwaka 1986 ulikuwa umeonyeshwa zaidi ya mara 50,000, idadi iliyoandikwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza vitabu vya mwongozo getini, kisha vyombo vya kiinimacho katika duka la bustani, alikuwa akimtazama Boag kwa makini ya mwanafunzi. Jina lake ni Steve Martin, na alipokuja kuwa mchekeshaji mashuhuri wa Marekani hakuficha deni hilo. Sijapata kusikia mchekeshaji aliyekiri kwamba alifundwa na mtu mwenye kichwa cha panya, na sababu si kwamba aliyemo ndani hana la kufundisha, bali kwamba mwanafunzi hamwoni wala hajui amwite nani.

Habari ya Boag ina upande wa pili, nao ndio unaonivutia zaidi. Mwaka 1963 bustani ilifungua Enchanted Tiki Room, chumba chenye ndege wa mitambo wanaoimba na kutaniana, na sauti ya José, kasuku mkuu wa chumba kile, ni sauti ya Boag, aliyesaidia pia kuyaandika maneno yenyewe. Boag alistaafu mwaka 1982, akafariki tarehe 3 Juni 2011. Betty Taylor akamfuata siku ya pili yake. Kasuku bado anasema. Yaani msanii yule yule aliyethibitisha kwa miaka 27 kwamba hadhira ya watoto hukaa kimya kumsikiliza mtu aliye hai, ndiye aliyeipa mashine ulimi wa kumrithi.

Kwa habari ya ulimi, kikaragosi wa kutembea hakupewa. Sauti ya Mickey katika filamu ilikuwa ya Walt Disney mwenyewe mpaka miaka ya 1940, kisha ikapita kwa warithi mmoja baada ya mmoja, na haikuwezekana kila mvaaji aitoe. Kwa hiyo akawa bubu, na ububu wake ukageuka faida ambayo hapana aliyeikusudia. Bustani ilipovuka bahari ikafika Tokyo mwaka 1983 na karibu na Paris mwaka 1992, panya hakuhitaji mkalimani. Huko Ufaransa palianzishwa pia mchezo wa Buffalo Bill, wa farasi na wapanda farasi walio wazi kabisa, ukaendelea kwa muda wa miaka 28. Lakini hata huo, baada ya miaka kadhaa, uliongezewa Mickey na wenzake uwanjani.

Baina ya makundi haya mawili, wasanii walio wazi na wavaa vinyago, wapo pia wale mabinti wanaoigiza Snow White na Cinderella, ambao nyuso zao ziko wazi na hali si zao: huchaguliwa kwa kimo na kwa mfanano wa sura, hufunzwa kusema kwa sauti ya filamu, na mtoto akiuliza jina, jibu ni moja tu. Nyama yao wenyewe imefanywa kinyago. Nao wavaa vinyago hawaruhusiwi kusema hadharani kwamba wao ndio fulani. Husema ni rafiki yake.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya pekee ya kuitazama bustani ya Disney’s Animal Kingdom, iliyofunguliwa Florida mwaka 1998, ambayo ina kijiji cha kuigwa chenye sura ya mwambao wetu, kuta zilizochakaa kwa makusudi na maandishi ya Kiswahili. Katika mchezo uitwao Festival of the Lion King, waimbaji wanne walio wazi wanaitwa Kiume, Nakawa, Kibibi na Zawadi. Simba na Pumbaa ni mitambo mikubwa iliyotolewa katika maandamano ya Disneyland ya miaka ya 1990. Timon peke yake ndiye mtu ndani ya vazi. Na nyani ni wanasarakasi halisi wanaorukaruka hewani. Makundi yote yamo chini ya paa moja, na ingawa majina yale manne yametungwa ughaibuni, anayeimba chini yake hupumua, huchoka, na humwitikia mtoto aliye safu ya mbele. Tauni ya korona ilipoifunga bustani mwaka 2020, kisha ikafunguliwa Julai, vikaragosi walirudishwa mara moja wakapitishwa kwa mbali juu ya mashua. Waigizaji na waimbaji, ambao chama chao kilidai wapimwe kwanza, walichelewa kuitwa. Mchezo wa simba ulirudi mwaka 2021 bila wanasarakasi wake, ambao hawakuonekana tena mpaka mwaka uliofuata.

Chama nacho ni sehemu ya historia hii. Huko Florida waimbaji ni wanachama wa Actors’ Equity, chama cha waigizaji, ilhali wavaa vinyago waliwekwa katika Teamsters, chama kilichoasisiwa mwaka 1903 kwa ajili ya waendesha magari ya farasi. Ndiyo kusema kwamba bata na mbwa walihesabiwa pamoja na wachukuzi wa mizigo. Chama hicho, tusikidharau, kiliwapatia mwaka 2001 haki ambayo mtu angedhani haihitaji mkataba, yaani kila mmoja kuwa na nguo zake za ndani azifue mwenyewe, badala ya kugawiwa zilizovaliwa na wengine, baada ya baadhi yao kulalamika kwamba wameambukizwa chawa na upele. Huko California wavaa vinyago hawakuwa na chama mpaka Mei 2024, walipopiga kura wao pamoja na mabinti wa uso wazi na wacheza maandamano, jumla yao wakiwa takriban 1,700. Kura 953 zilikubali na 258 zilikataa, na chama walichokichagua ni Actors’ Equity. Miongoni mwa mambo waliyotaka yazungumzwe ni usalama kazini, ratiba za zamu, na usafi wa mavazi.