Solomon Northup

Solomon Northup (alizaliwa Minerva, New York, 1807 au 1808) alikuwa mkulima na mpiga fidla Mmarekani mwenye asili ya Afrika. Alizaliwa huru, akatekwa mwaka 1841 na kuishi utumwani Louisiana kwa miaka 12. Simulizi yake ya mwaka 1853, *Twelve Years a Slave*, ni ushahidi mzito juu ya maisha ya watumwa katika mashamba ya pamba.

Maisha ya awali

Baba yake, Mintus, alikuwa mtumwa wa ukoo wa Northup hadi alipoachwa huru kwa wosia. Solomon alijifunza fidla tangu ujanani. Baada ya kumwoa Anne Hampton alikodi shamba huko Kingsbury, akapanda ekari 25 za mahindi, na wakati wa baridi akawa anaitwa kupiga fidla kwenye ngoma za vijiji vya jirani. Mwaka 1834 walihamia Saratoga Springs.

Utumwani

Mwaka 1841 wanaume wawili walimwahidi ujira wa kupiga fidla katika sarakasi, wakafuatana naye hadi Washington. Huko alileweshwa dawa, akazinduka akiwa na pingu. Aliuzwa New Orleans kwa jina la Platt.

Kwa takriban miaka kumi alikuwa chini ya Edwin Epps, mwenye shamba la pamba huko Bayou Boeuf. Siku yake ya kwanza alichuma ratili 95 tu, ilhali mwenzake Patsey aliweza kufikisha 500. Pamba ilipimwa kila jioni, na aliyepungukiwa alichapwa. Epps akirudi amelewa, aliwaamsha watumwa usiku, akamwamuru Northup apige fidla na wengine wacheze, mjeledi mkononi mwake. Hata hivyo Northup aliandika kwamba bila fidla asingestahimili miaka ile.

Uhuru na kitabu

Mwaka 1852 Samuel Bass, seremala kutoka Kanada, alimwandikia barua za siri kwenda New York. Wakili Henry B. Northup, wa ukoo uliommiliki Mintus, alikwenda kumkomboa, na tarehe 4 Januari 1853 akawa huru. Muuza watumwa James Birch aliposhtakiwa Washington kwa kumtia Northup utumwani, mahakama ilikataa kumsikiliza Northup kwa sababu alikuwa mweusi. Ushahidi huo uliwafikia wasomaji kupitia kitabu chake, kilichouzwa nakala 30,000. Katika filamu ya Steve McQueen ya mwaka 2013 iliyotokana na kitabu hicho, Lupita Nyong'o wa Kenya aliigiza kama Patsey na kushinda tuzo ya Oscar.