Uamuzi wa Usiku, Elimu ya Mchana: Vijana Balehe na Msimu wa Pamba Zagayu

Mijadala yetu kuhusu afya ya vijana balehe husimama juu ya dhana moja: kijana hujiponza kwa sababu hajui. Akielezwa hatari za pombe, ngono za mapema na mwendo kasi, ataacha. Makala haya yanaipinga dhana hiyo kwa kuangalia Zagayu, kata ya wakulima na wafugaji iliyokuwa Bariadi na ambayo sasa imo katika Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Ninadai kwamba maamuzi mazito ya kijana wa huko hufanyika usiku, katikati ya rika lake, akiwa na fedha mfukoni. Elimu ya afya humfikia mchana, darasani, kana kwamba ataamua peke yake.

Fedha zina msimu. Simiyu huzalisha pamba kuliko mkoa mwingine wowote nchini Tanzania, na ununuzi hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei. Katika miezi ya kiangazi inayofuata, kazi za shamba hupungua, shule hufungwa kwa likizo ya Juni, minada huchangamka, na makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hushindana kama yalivyofanya enzi za mababu. Kijana wa miaka 15 aliyefanya kibarua cha kuchuma pamba hushika hela zake mwenyewe, pengine kwa mara ya kwanza mwaka huo. Simlaumu kwa kutaka kuzitumia, wala siilaumu ngoma, kwani humfunza kijana ustadi, nidhamu na fahari ya kwao. Shida iko pembeni ya uwanja: pombe inayouzwa kwa yeyote mwenye hela, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na kisha safari ya kurudi nyumbani.

Safari hiyo mara nyingi ni ya bodaboda, vijana wamepakiana mshikaki, dereva amekunywa, vichwa viko wazi. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Uchambuzi wa kina uliounganisha tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Vijana wengi wanajua kuwa kofia huokoa. Ila kofia ya ziada haipo, wenzao wameshapanda, na atakayekataa atatembea gizani.

Kwa msichana, kutembea gizani ni hatari nyingine. Katika sehemu za Usukuma, ambamo Zagayu imo, bado upo mtindo wa chagulaga: vijana wa kiume humzingira msichana njiani, mnadani au ngomani, wakimshinikiza amchague mmoja wao. Wapo wanaoutetea kama mila. Mimi naona ni ukatili, na tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ridhaa ya msichana aliye chini ya miaka 18 haimwokoi mtuhumiwa, isipokuwa katika ndoa. Pengo hilo la ndoa ni zito, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba. Kuisoma takwimu hiyo kama hesabu ya tabia mbaya za wasichana ni kuwaonea.

Nguvu ya rika imepimwa. Mwaka 2005, Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Marekani waliwapa watu wa umri mbalimbali mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi walipotazamwa na wenzao kuliko walipocheza peke yao, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wazima. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo chumbani, mbele ya kompyuta, itakuwaje uwanjani penye ngoma na pombe?

Atakayesema kwamba ninawavua vijana wajibu wao, nitamjibu kuwa mvulana anayemzingira msichana ametenda kosa na awajibishwe. Lakini wajibu wa mtoto hauufuti wa mtu mzima aliyemuuzia chupa. Wala viongozi wa ngoma hawana sababu ya kukaa kando. Vijana huwasikiliza kuliko wanavyousikiliza mhadhara wa mgeni. Sungusungu nao, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, wanazijua njia za usiku. Wamewahi kulaumiwa kwa kujichukulia sheria mkononi, hivyo wafanye kazi chini ya mtendaji wa kijiji na polisi, siyo kwa viboko vyao.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Itilima ihamishie sehemu ya bajeti ya afya ya vijana kwenye miezi ya Juni hadi Agosti: wauza pombe wakaguliwe siku za mnada, ngoma zimalizike kabla ya giza, wasichana wasindikizwe kwa makundi, na dereva asiye na kofia ya abiria asiruhusiwe kupakia uwanjani.