Si Kosa la Mtandao Peke Yake

Sisi wakazi wa Arusha tumezoea kuulaumu mtandao. Ukurasa ukigoma kufunguka, kauli ya kwanza ni kwamba mtandao unasumbua. Zamani kauli hiyo ilikuwa na ukweli mwingi. Siku hizi ukweli wake ni nusu tu. Nusu nyingine imo ndani ya mashine yenyewe, katika mipangilio ya kivinjari ambayo wengi wetu hatujawahi kuifungua. Tukiitazama historia yake tutaona kwamba kila mpangilio una sababu iliyouzaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kurasa za intaneti zilikuwa zaidi maandishi na picha. Mwezi Mei 1995, Brendan Eich wa kampuni ya Netscape huko Marekani alitunga kwa siku 10 lugha ya programu iliyokuja kuitwa JavaScript. Tangu hapo ukurasa ukaweza kubeba skripti, yaani maagizo yanayotekelezwa na kompyuta ya msomaji mwenyewe. Lilionekana jambo dogo, kumbe mzigo umeanza kuhama kutoka kwa mwenye ukurasa kwenda kwa msomaji.

Kwetu mzigo huo haukuonekana mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mawasiliano yetu na nje yalitegemea setilaiti, na katika intaneti kafe za mjini tulizima picha ili maneno yafike upesi. Huo ndio mpangilio wa kwanza wa kivinjari niliojifunza. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukaanza kazi Dar es Salaam, mwaka 2010 ukafuata wa EASSy, na mkongo wa taifa ukaifikisha neema hiyo mikoani. Tukadhani taabu imekwisha. Lakini kurasa nazo zilikuwa zikinenepa kwa skripti, huku kompyuta zetu nyingi zikiwa za mitumba. Mkulima wa mteremko wa Meru hahitaji kufundishwa jambo hili: mfereji hata ukijaa, shamba halipati maji ikiwa lango lake limeziba.

Skripti hufika kama maandishi, na prosesa haiyaelewi mpaka yafasiriwe. Mfano upo hapa hapa mjini. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwaka 2015, iliendesha kesi zake katika majengo ya AICC. Shahidi alisema Kinyarwanda, wakalimani wakageuza kwa Kifaransa na Kiingereza. Vivinjari vya zamani vilifanya kazi kama mkalimani: agizo liligeuzwa kila lilipotamkwa, hata likirudiwa mara elfu. Mwaka 2008 Google ilitoa Chrome, yenye injini iitwayo V8 inayofasiri skripti kuwa lugha ya prosesa na kuitunza tafsiri hiyo itumike tena. Leo vivinjari vyote vikubwa hufanya hivyo kwa sehemu zinazorudiwa sana.

Kasi hiyo ina gharama yake. Mwaka 2021 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 45 ya kasoro za usalama zilizoorodheshwa za V8 tangu mwaka 2019 zilihusu kazi hiyo ya kufasiri, ikaanza kujaribu kuizima katika kivinjari cha Edge. Mwaka 2022 Apple ilitoa Lockdown Mode, ambayo nayo huizima, kwa ajili ya watu wanaowindwa na wadukuzi. Anayeuwasha mpangilio wa namna hiyo anapata usalama, na analipa kwa kasi.

Wengi wetu, hata hivyo, tunakwama kwa sababu za kawaida zaidi. Niliwahi kushuhudia, katika duka moja la huduma za kompyuta huko Usa River, binti akijaza maombi ya chuo siku ya mwisho. Kivinjari kilitoa onyo kwamba ukurasa haujibu, asubiri au aufunge. Alikuwa karibu kulia, akisema mtandao umemponza. Kijana wa duka akafunga kurasa zaidi ya kumi zilizoachwa wazi na wateja waliotangulia, kisha akazima viendelezi vitatu, yaani programu ndogo zilizobandikwa kwenye kivinjari, ambazo hukagua kila ukurasa unaofunguliwa. Mtandao haukuguswa. Fomu ikaenda.

Watengenezaji nao wanalijua tatizo hili. Tangu Januari 2021, Chrome inaweza kubana skripti zinazojiamsha zenyewe katika ukurasa uliofichwa kwa zaidi ya dakika 5, ziamke mara moja tu kwa dakika. Betri inapona, lakini ukurasa ulioachwa nyuma ujihesabie muda utachelewa, na mwenyewe atashangaa.

Nisemalo ni kwamba mipangilio hii ni maamuzi, na mtu asipoamua, wengine wameshamwamulia: mtengenezaji, mwenye duka, au mteja aliyetangulia kukalia kiti. Si lazima kila mtu awe fundi. Inatosha kujua kurasa ngapi ziko wazi, viendelezi gani vimebandikwa, na ulinzi gani umewashwa na kwa sababu gani. Kwa kijana ambaye nafasi yake ya chuo inafungwa saa sita usiku, elimu hiyo ndogo ina uzito kama mkongo wenyewe.